Herufi Juu ya Konrodi

Kila siku akitoka shule, Nasma hupitia nyumbani, huvua sare, kisha humpelekea chakula mjomba wake Mwinjuma kwenye karakana iliyo kando ya barabara kuu ya Kibiti. Akishafika haondoki upesi. Hufuta spana, huzipanga kwa ukubwa, na huuliza maswali hata mjomba aseme, "Mama wee, niache nitafune kwanza!"

Wiki ile karakana ilikuwa na kazi moja kubwa. Kaka yake Nasma, Ridhiwani, alikuwa na boti ya abiria huko Nyamisati, naye alitaka kuiingiza kwenye mashindano ya sikukuu ya Idd. Injini yake ndogo ya petroli ilikuwa imefunguliwa yote ili iongezewe kasi. Kilichobaki ni kuchagua konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na shafti.

"Hii ya zamani ni alumini ya kumimina," alisema mjomba. "Kwa mwendo wa kawaida inatosha. Ukiikimbiza sana, inakatika."

"Basi tutie ya chuma, mjomba. Chuma hakina mchezo."

"Kina nguvu, lakini kizito. Kikizunguka kwa kasi, kijiinjini hiki kitatetemeka kama mgonjwa wa malaria." Akachukua ya tatu, iliyoletwa na basi kutoka Dar es Salaam. "Hii imechongwa kwenye kipande kimoja cha alumini ngumu. Nyepesi, na inastahimili kasi. Nimeikagua, haina dosari. Kesho tunaifunga."

Akaipaka oili, akaizungushia kitambaa, kisha yeye na Ridhiwani wakaenda kuswali Alasiri.

Nasma akabaki peke yake. Alijua kwamba mafundi wa jirani huja kuazima vifaa pale, na vitu huchanganyika. Nyumbani kwao Nasma, sufuria zikiazimwa kwa shughuli ya harusi au hitima, kila mwenye yake huigonga alama. Yeye ndiye aliyeigonga ya mama yake herufi S, ya Semeni, na sufuria ile ilirudi salama wakati ya jirani ilipotelea kijiji cha Bungu. Mama alimsifu mbele za watu! Basi Nasma akachukua patasi na nyundo, akagonga herufi R, ya Ridhiwani, ubavuni mwa konrodi. Akaifunga tena kitambaa, moyo umemjaa furaha.

Asubuhi ya Jumamosi alimkuta mjomba akimwonya Ridhiwani.

"Weka mbali hiyo bisibisi. Alumini haipendi jeraha. Mkwaruzo mdogo tu, injini ikikimbia unageuka ufa. Konrodi ikikatika, inatoboa injini, na nyinyi mko katikati ya maji na abiria. Nasma, hebu ilete."

Nasma akaikumbuka ile R. Alienda nyuma ya kabati, akaifungua konrodi, akachukua msasa na kusugua haraka haraka. R ikafifia. Akapaka oili juu yake. Kwa macho, hakuna kitu. Lakini alipopitisha ukucha, ukakwama.

"Umelala huko?" Ridhiwani aliita.

Akaipeleka. Ridhiwani akaipokea, akaanza kuiingiza ndani ya injini huku akiimba. Nasma alimtazama kaka yake, akaiona akilini boti ikisombwa na maji, na watoto ndani yake wakilia.

"Kaka, usiifunge!" Machozi yakamtoka. "Niliigonga R jana. Sasa hivi nimeisugua ili msione."

Mjomba akaichukua, akapitisha ukucha, akatikisa kichwa. "Kweli. Jeraha limeingia ndani. Hii haifai tena."

"Idd ni keshokutwa!" Ridhiwani alifoka. "Nyingine nitaipata wapi, Nasma?" Akaketi juu ya tairi, akaitazama ile konrodi. Hatimaye akashusha pumzi. "Afadhali niikose leo kuliko inikatikie majini. Ila wewe! Na konrodi nayo unaifanya sufuria?"

Nasma akacheka huku bado analia.

Walirudisha konrodi ya zamani, injini ikabaki na mwendo wake wa kawaida. Siku ya Idd, Ridhiwani hakushindana. Alivusha familia zilizokwenda kutazama mashindano, akaenda polepole, na kila aliyepanda alishuka salama. Nasma na mjomba walikuwa miongoni mwao.

"Mjomba, bado umenikasirikia?" Nasma aliuliza.

"Sikiliza, mama. Kuigonga alama ulikosea kwa kutojua, na dawa ya kutojua ni kuuliza kabla hujagusa. Kuisugua ili tusione, hapo ulikosea ukijua, na kosa hilo ndilo lingetuzamisha. Lakini ulisema. Ndivyo inavyotakiwa: mtu akikosea, aseme wakati injini bado iko wazi."