Usihariri kwa Mkono

Walikutana kwenye lifti iliyojaa, blauzi ya njano ya mwanamke mmoja imebanwa na begi la kijana mrefu. Kijana aliomba radhi mpaka ghorofa ya saba. Wakashuka pamoja, wakaingia chumba kimoja, na hapo Mrefu akagundua kwamba mwanamke aliyekuwa akimwomba radhi ndiye mwalimu wake.

Mwalimu alifundisha waandishi wa programu kutengeneza programu zinazoandika programu nyingine: unaipa maelezo machache, nayo inakuandikia mistari elfu ya kupeleka kwenye kompaila, inayoigeuza iwe lugha ya kompyuta. Sharti lake lilikuwa moja. Kila kilichoandikwa na mashine kibebe onyo juu kabisa: “Imeandikwa na programu. Usihariri kwa mkono.”

Kozi ilipokwisha walikuwa wakiitana mpenzi. Mrefu akapata kazi ya miezi sita mji mwingine, na kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu ujumbe wake uliingia. Mwalimu aliusoma mswaki ukiwa mdomoni, akicheka peke yake, dada yake akimuuliza kama bado ana akili timamu.

Mwezi wa nne, ujumbe mmoja ulianza hivi: “Imeandikwa na programu. Usihariri kwa mkono. Umeamkaje, roho yangu?”

Mwalimu aliketi ukingoni mwa bafu. Wiki nzima hakupokea simu, ingawa kila asubuhi mkono wake uliitafuta wenyewe. Dada ndiye aliyepokea. “Shemeji,” alimwambia, “safari hii umelikoroga.”

Jumamosi Mrefu alikuja darasani, akangoja wanafunzi watoke. Alieleza kwamba zamu yake huanza alfajiri na simu huachwa mlangoni hadi saa ya chakula. Hakutaka mpenzi wake aamke bila neno, ndipo akaiachia programu iandike.

“Nilikuwa nakujibu kila siku,” Mwalimu alisema. “Nilikuwa namjibu nani?”

Mrefu akatoa daftari. Majibu yote ya Mwalimu yalikuwa humo, yamenakiliwa kwa kalamu saa za chakula, na chini ya kila jibu sentensi zake mwenyewe zilizokatwa, zikaandikwa upya, zikakatwa tena.

“Mbona hukunitumia hizi?”

“Mbovu. Zote zinasema kitu kimoja.”

“Kipi?”

“Kwamba nimekukumbuka.”

Mwalimu alilifunga daftari, akalibana kifuani. “Hili halirudi. Na ile programu uifute.”

“Basi ujumbe utachelewa.”

“Uchelewe.”

Jumatatu saa kumi na mbili na nusu simu ilikaa kimya kando ya sinki. Ilikaa kimya asubuhi nzima. Saa saba mchana, chaki mkononi, Mwalimu aliisikia ikitetemeka mezani.

“Nimekukumbuka. Sijui niongeze nini.”

Aliwageuzia wanafunzi mgongo, akausoma tena.