Namba Kumi na Tatu

Vifaa vilikuwa kumi na viwili. Laila alivipanda mwenyewe katika bonde la mpunga la Msuka, yeye na mwanafunzi mwenzake Hafiz, na kuhesabu hadi kumi na mbili hakumshindi mtu aliyefika chuo kikuu. Sasa kompyuta inaonyesha kumi na tatu.

Kila kifaa hupima chumvi kikamnong'oneza jirani yake, jirani naye wa pili yake, hadi habari ifike kwenye kompyuta ukumbini kwa mwenyeji wao, Bi Mwanakhamis. Njia moja ikizibwa, habari huzungukia nyingine. Maji ya bahari yakipenya, lango la tuta lifungwe upesi; la sivyo mpunga wa kijiji kizima unaungua. Lakini tangu juzi mawimbi ya redio yanakatika kwenye kichaka cha mzimu, walikotia kifaa namba saba.

"Mlipoingia mle mlipiga hodi?" aliuliza Bi Mwanakhamis.

"Nimpigie nani, Bi? Miti?"

"Mwenye pahala. Hata paka wangu hulia kwanza mlangoni."

"Mtambo ukikorofisha, jini. Mwanamke akisoma, jini. Mimi nataka ushahidi."

"Utakuja wenyewe, mwanangu."

Alasiri, maji makuu ya bamvua yakijaa, kompyuta ikalia. Chumvi. Habari ilitoka namba mbili, ikapita namba nne, ikapita kumi na tatu, ikafika. Hafiz akatoka mbio kwenda kufunga lango.

Laila alipaswa kufurahi. Badala yake alikodolea macho nguvu ya mawimbi ya hiyo kumi na tatu, ambayo kila akipepesa jicho inazidi, na mawimbi hayazidi hivyo ila chombo kinaposogea, na kwenye njia itokayo mzimuni hakuonekana mtu, ila udi ulianza kunukia, udi ambao hakuna aliyeufukiza, na kuku uani wakanyamaza wote kwa pamoja, na kipimo kikapanda, kikapanda, hadi kikajaa.

"Hodi," ilisema sauti ya Hafiz mlangoni.

"Karibu," akaitika Laila, kama alivyolelewa.

Simu ikalia mkononi mwake.

"Nimelifunga," Hafiz alihema, maji yakivuma nyuma yake. "Nipo hapa langoni. Mwambie Bi mpunga umepona."

Bi Mwanakhamis alikuwa ameziba mdomo kwa upindo wa kanga.

"Mwenzio kapiga hodi," alinong'ona. "Nawe umemkaribisha."

Kitanda cha kamba kando ya Laila, kilichokuwa kitupu, kikabonyea taratibu, kama kibonyeavyo mgeni akiketi.