Abiria Aliyepanda Kabla ya Kija

Kija alishikwa na uchungu jua likizama, na mimi nikashikwa na pikipiki.

"Washa, baba," alisema, ameegemea ukuta wa jiko. "Huyu hasubiri."

Huyu ndiye mjukuu wangu wa kwanza. Mke wangu Dorcas alikuwa amevuka ziwa kwenda Nansio msibani. Mume wa Kija alikuwa kambi ya uvuvi. Wa kumfikisha binti kituo cha afya nilibaki mimi, Mashimba: mbele kitambi, nyuma mgongo mbovu, na katikati ya mapaja pikipiki isiyowaka.

Nikabonyeza stata. Tk.

Nikabonyeza tena. Tk... kimya.

Nimeendesha malori mpaka Lubumbashi na Juba, injini zinaniheshimu. Lakini hii niliyoinunua Magu juzijuzi, kwa mama mmoja mpole aitwaye Jasmin, ilikuwa imenifanya kichekesho cha kijiji chetu cha Kayenze kizima. Kila asubuhi betri imekufa. Nikanunua nyingine, nayo ikafa. Mwishowe nikaipakia kwenye kirikuu, pikipiki ikabebwa na gari kama bibi harusi, hadi Mkuyuni kwa fundi Okech. Akapima chaji, akapima nyaya, akakuna kichwa.

"Mzee Mashimba, hapa hamna ubovu."

"Sasa mbona kila asubuhi imekufa?"

"Betri haichoki kwa kulala. Inachoka kwa kazi." Akanitazama. "Usiku nani anaiendesha?"

"Labda mama Kija kapata mwanamume."

Tulicheka. Okech aliacha kucheka kabla yangu.

Sikumwambia habari ya kiti. Kila alfajiri kiti kilikuwa kimelowa, ila upande wa abiria tu. Pangu pakavu. Na kilinuka tope la ziwani. Nikalaumu umande. Umande unaochagua pa kukaa!

Jioni ile dawa ilikuwa moja, kuishtua. Kutoka kwetu njia inateremka mpaka ufukweni, ndipo inapinda kuelekea kituo cha afya. Nikamwambia jirani yetu Modesta amshike Kija wateremke polepole. Mimi nitangulie na mteremko, injini ikipokea niwasubiri chini.

Nikaiacha iteremke kwenye gia ya pili, nikaachia klachi. Ikakohoa. Ikafa. Nikafika chini kimyakimya kama mwizi, maji yakiwa hapo karibu, giza linaingia. Nikapiga kiki mpaka suruali ikaomba talaka.

Vyura walikuwa wanapiga kelele pande zote.

Wakanyamaza. Wote kwa pamoja.

Sasa, mtu aliyezoea kupakia watu hageuki nyuma. Shokapu ndizo macho yake. Zikishuka, abiria amekaa. Unaingiza gia, unaondoka. Ndivyo tunavyofanya huku, hakuna anayehesabu sura.

Shokapu zikashuka.

Taratibu.

Nikagusa stata, nayo injini ikanguruma kama imetoka dukani asubuhi ile. Taa ikamwagika mpaka kwenye matete.

"Umekaa vizuri, mwanangu?"

Mikono miwili ikanizunguka kiunoni. Baridi...

"Twende."

Sauti ndogo, imekauka. Nikadhani ni uchungu. Nikaingiza gia.

Nilimpigia hadithi njia nzima ili asiogope. Nikamsimulia askari wa mpakani aliyenikamata kwa kusafirisha mbuzi mwenye hati nyingi kuliko mimi. Hadithi hiyo Kija huwa anaicheka kabla haijaisha. Safari hii hakucheka. Hakuguna. Hakulia. Mgongo wangu ukaanza kulowa, maji yakishuka mpaka ndani ya suruali, nikajua chupa imepasuka, nikaongeza mwendo.

Halafu harufu ikanifikia. Tope. Na dagaa waliosahaulika ndani ya gunia.

Simu ikalia mfukoni. Nikapunguza mwendo, nikaipokea. Ni Modesta.

"Baba Kija! Unakwenda wapi? Umetuacha!"

"Nimewaacha vipi? Kija ninaye hapa."

"Kija ninaye mimi! Amekaa chini, hawezi hata kusimama!"

Nyuma ya sauti yake nikamsikia binti yangu akipiga yowe.

Mikono kiunoni ikakaza.

Sikugeuka. Wewe ungegeuka? Nimepita Kivu risasi zikilia, nikaimba. Hapo hata jina la Yesu lilinipotea.

"Wewe... ni nani?"

"Twende."

"Wapi?"

"Nyumbani. Magu."

"Ndugu yangu, binti yangu yuko kule nyuma, anajifungua. Shuka kidogo. Nimfikishe, halafu nitarudi nikuchukue."

Injini iliendelea kunguruma. Kisha, karibu kabisa na sikio langu:

"Na wao walisema watarudi."

Nikaelewa mambo mawili. Hatashuka. Na akishuka, pikipiki itakufa, na Kija atazalia njiani gizani.

"Basi usishuke," nikanong'ona. "Twende wote. Nisaidie nimfikishe binti, na mimi nitakufikisha nyumbani. Naapa kwa mama yangu."

Mikono ikalegea.

Nikageuza. Niliwakuta penye kona ya ufukweni, Kija amepiga magoti, Modesta amemkumbatia.

"Mpandishe. Hapa, katikati."

"Katikati ya nini?" Modesta akauliza.

"Mpandishe tu!"

Kija akapanda nyuma yangu. Akashangaa kuwa kiti kimelowa, lakini uchungu ukamkatisha maneno. Modesta alikuwa ameinamia gurudumu la nyuma.

"Baba Kija... mbona tairi limebonyea hivi?"

"Rudi nyumbani, Modesta. Usitufuate."

Mshikaki nimepiga mara nyingi, watu watatu na jogoo juu. Ule sitaki kuurudia. Injini haikukohoa hata mara moja. Tulipofika mlangoni pa kituo cha afya na nesi akamshusha Kija, ikazima yenyewe. Nikatazama nyuma kwa mara ya kwanza. Hakuna mtu. Tairi limejaa upepo.

Mtoto alitoka nesi hajamaliza kuvaa glavu. Wa kiume, mzima. Nililia bila aibu. Nikaitwa kumwona.

"Baba," Kija akasema, amechoka, "yule nyuma yangu alikuwa nani?"

"Modesta."

"Modesta ana ndevu?"

Nikajifanya narekebisha kanga ya mtoto.

"Alikuwa ananiambia pole dada, pole dada. Kila nilipobanwa." Akagusa tumbo. "Halafu akaweka mkono hapa. Uchungu ukaisha wote."

Kulipokucha nilikwenda Magu. Kiapo ni kiapo. Pikipiki iliwaka kwa mguso mmoja, nyepesi kama mimi kabla sijaoa. Nikamkuta Jasmin anaanika mpunga. Nilipomsimulia abiria yule, hakushangaa. Alikaa chini palepale.

"Ni Zadok, mume wangu. Alikuja kwenu Kayenze kununua dagaa. Akaiacha pikipiki ufukweni, akapanda mtumbwi kwenda kisiwani. Ukapinduka. Mtumbwi wa wenzake ulikuwa umejaa, wakamtupia dumu ashikilie. Wakasema wanashusha watu, watarudi." Akafuta uso kwa kanga. "Hajapatikana mpaka leo. Wazee wa kwao walinikataza kuiuza kabla hajazikwa. Lakini watoto wangekula nini, shemeji?"

"Nimemleta," nikasema.

Akasimama, akaweka kiganja kwenye kiti cha nyuma.

"Pakavu," alisema. "Hapa hayupo mtu."

Nikajua ameshuka kwao, nikamshukuru Mungu. Mjinga mimi. Nikarudi Kayenze napiga mluzi, na tangu siku hiyo betri haijafa hata asubuhi moja.

Anayelia ni mtoto.

Huanza jua likizama. Hanyonyi, anajikunja, analia mpaka sauti inakauka. Huko hospitali wamempima, hana ugonjwa. Dorcas aliporudi kutoka Nansio alimsikiliza mara moja tu akasema, huyu anadai jina. Kwetu mtoto wa hivyo huitwa majina ya waliotangulia, moja moja, sikioni. Likipatikana la kwake, ananyamaza, ananyonya.

Jana jioni tulikaa wote chumbani. Dorcas alimpakata, akainama.

"Ni wewe, Malimi?"

Kilio.

"Ni wewe, Kashindye? Ni wewe, Ngosha?"

Kilio. Akaenda ukoo mzima, wa kwangu na wa kwake, mpaka watu ambao makaburi yao yameshalimwa viazi. Mbavu za mtoto zilikuwa zinahesabika. Kija alikuwa analia pamoja naye.

"Wameisha," Dorcas akasema. Akaniinulia macho. "Baba Kija, kuna mtu tumemsahau?"

Jina la Zadok lilikuwa limenijaa mdomoni kama maji. Ningelitamka, mjukuu wangu angekuwa mtu wa Magu.

"Hakuna," nikasema.

Mtoto akanyamaza.

Akageuza shingo yake, shingo ambayo bado haijakaza, akanitazama muda mrefu, kama abiria anavyomtazama dereva aliyepitiliza kwao.