Chungu Kisichoachwa Mekoni

Asubuhi ile ofisi yao ndogo huko Burungu ilinuka maharagwe yaliyoungua, na hakuna aliyekuwa amewasha moto. Uwamwezi alifungua dirisha, akainama kutafuta hadi chini ya meza alipocheza bintiye Shekinah, wa miaka minne. Harufu ilitoka kwenye kompyuta.

Kesho yake kampuni iliyowatunzia msimbo, yaani maandishi ya programu, mtandaoni ingefunga huduma. Programu yao, ya kutafuta watoto waliopotezana na wazazi wakati wa kukimbia vita, ilipaswa kuhamia kwingine pamoja na historia yake: kila badiliko, jina la aliyelifanya na maneno yake machache. Mengi yalikuwa ya marehemu mumewe, Manzi. Mtu wa utani yule, hata akirekebisha kosa dogo aliandika, "Mke wangu asijue."

Badiliko la mwisho lenye jina la Manzi hakuliandika yeye. Lilitokea akiwa amelala ubavuni mwa mkewe, lina neno moja tu: Nimefika. Siku ya tatu walimzika. Likaja lenye jina la Astrid, mwenzao wa kazi, neno lilelile, naye wakamzika.

Mama mkwe wake, Nyirabagenzi, alisimama mlangoni na jembe lake. Hakutaka kuingia.

"Mwanangu, tukihama nyumba yenye muzimu, tunaacha chungu moja kwa meko," alinong'ona. "Anabaki anachunga ile chungu. Beba programu ya leo tu. Ile historia uache kule."

"Mama, Manzi iko mule. Maneno yake yote."

"Miye njo mama yake, miye nilimuzaa. Uache."

Mama mkwe alipoondoka, Uwamwezi alibeba yote. Tusimlaumu sana; alimpenda. Saa sita mchana mabadiliko yote 1,412 yalikuwa yamefika kwenye makao mapya, hakuna hata moja lililopotea, naye akacheka peke yake kwa furaha akisoma utani wa mumewe.

Harufu ikazidi. Juu kabisa ya orodha palikuwa na badiliko la 1,413. Jina: Shekinah. Neno: Nimefika.

Alilifuta, likarudi, akalifuta tena, likarudi, na kitu kikawa kinakwaruza ndani ya kompyuta kama mwiko kwenye sufuria kavu, naye akaanza kufuta historia yenyewe, mwaka baada ya mwaka, utani baada ya utani, akimfuta Manzi kwa mikono yake huku akilia na kumwomba msamaha, mpaka yote 1,412 yakaisha na kwenye kioo ukabaki mstari mmoja.

Ule ule.

"Mama, unalilia nini?" Shekinah aliuliza.

Uwamwezi alimnyanyua, akamkumbatia kwa nguvu. Ofisi haikunuka tena. Nywele za mtoto ndizo zilizonuka maharagwe yaliyoungua.