Kifasiri Chenye Adabu

Kifasiri kilikuwa kidude kidogo kama punje ya hindi, kinabandikwa nyuma ya sikio, na mjini Sapporo hakuna mgeni aliyetembea bila hicho. Kilidaka maneno ya mwenyeji yakiwa bado mdomoni, kikakunong'oneza kwa lugha ya mama yako. Nawe ukijibu, kilimtolea mwenzako Kijapani fasaha kwa sauti yako mwenyewe. Mwanakombo Shebwana, mhandisi wa mabomba ya kuyeyusha theluji barabarani, aliwaongoza mafundi kwa kidude hicho ilhali hajui hata kuomba chumvi kwa Kijapani.

Hata daktari wa meno alitafutiwa nacho. Gego lilipoanza kumsumbua alitaka daktari anayejua Kiswahili, au walau Kiingereza, hakumpata. Kifasiri kikampeleka kwa Daktari Hoshino, mzee mwenye mikono ya baridi, na siku ile kikasema, "Daktari anasema si neno. Ukipata nafasi, upite tena." Nafasi haikupatikana mpaka shavu lilipoanza kufa ganzi, miezi kadhaa baadaye.

Sasa alikuwa amelala tena kwenye kiti kile, na roho haikutulia. Hoshino alitazama picha ya taya ukutani, akazungumza. Akazungumza sana. Akavua miwani, akaendelea.

"Daktari anasema pole kwa usumbufu," kilisema kifasiri.

"Maneno yote yale ni pole tu?"

"Anasema kuna kauvimbe kadogo. Si kitu cha kutisha."

Mwanakombo alimtazama mzee. Uso ule haukuwa wa kauvimbe kadogo. Dalili ya mvua ni mawingu, naye aliyaona yametanda. Akashuku kwamba daktari na kidude wamekula njama kuficha kosa walilolifanya mara ya kwanza.

"Mnanificha nini?" aliuliza kwa ukali.

"Hakuna, Bi Mwanakombo," kilijibu kifasiri chenyewe. "Umekula leo?"

"Nimekula."

"Na kuna ndugu yako yeyote hapa karibu?"

Maswali hayo aliyajua. Ndiyo aliyoulizwa na mjomba wake kwenye simu siku baba yake alipofariki: umekula, uko na nani, baba kazidiwa kidogo, hebu jitahidi uje. Kwao habari mbaya haitupwi usoni mwa mtu. Huzungushwa mpaka msikilizaji aketi, ashikwe mkono. Na kifasiri kilifundishwa Kiswahili kwa kusikiliza simu za Waswahili. Kilijifunza lugha pamoja na adabu zake.

"Niambie kama alivyosema," alinong'ona. "Neno kwa neno."

Kikasita. "Anasema ni saratani. Imeshaingia kwenye mfupa. Lazima taya likatwe, na huenda usiweze kusema tena sawasawa. Anauliza kwa nini hukurudi."

"Na mara ile ya kwanza, alisema nini?"

"Alisema urudi wiki ileile, bila kukosa."

"Mungu wangu! Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa peke yako, Bi Mwanakombo. Hukuwa na wa kukushika mkono."

Alikibandua, akakitupa kwenye beseni la kutemea. Alilia kwa hasira, na Hoshino akakaa kando yake kimya, maana sasa hawakuwa na lugha. Alipotulia alimpigia simu mama yake, Pangani. Aliapa kwamba yeye atasema moja kwa moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Habari za huko?"

"Nzuri. Mama, umeshakula?"

"Nimekula."

"Na Dada Mkasi yuko hapo nyumbani?"

Upande wa pili ikasikika sauti ya kiti kikivutwa.

"Nimekaa, mwanangu," alisema mama. "Sema."