Uji Alioukataa Kukhu

Kila asubuhi nyumbani kwao Tongaren, Phelista alikoka moto, akapika uji, kisha akachana nywele zake mwenyewe. Zamani kazi ya nywele ilikuwa ya mama yake. Mama alipofariki, ilichukuliwa na nyanya yake, Kukhu Rispah, mpaka bega lake la kulia lilipokaza. Sasa mkono haukuinuka kupita kifua, naye Phelista alienda shuleni na mistari iliyopinda kichwani. Wenzake walimcheka. Kuchekwa hakukumuumiza sana. Alichokililia ni ile mikono iliyokuwa ikimchana.

Hatimaye walipata miadi kwa Daktari Judy, anayetibu maumivu kwa sindano nyembamba mjini Kitale. Daktari alipiga simu siku iliyotangulia. Kwa kuwa Kukhu kwenye simu huitikia "eee" kwa kila kitu, Phelista ndiye aliyepokea maelekezo.

"Ale kitu chepesi kabla ya kuja," daktari alisema. "Avae nguo pana inayofunguka begani, na mbebe dawa zote anazotumia. Asiogope. Sindano hizi hazifanani na zile za kudunga dawa. Nyingine hata hatazisikia."

Asubuhi Kukhu alivaa gauni pana na kutia dawa zake za presha mkobani. Lakini kikombe cha uji alikisukuma kando.

"Nimefunga tangu jana," alisema. "Wamama wa kanisa pia wamefunga na mimi. Jambo kubwa hivi, si unajua mtu haendi na tumbo imejaa?"

"Lakini daktari alisema ule, Kukhu."

"Akijua, atanirudisha nyumbani. Akiuliza, sema nimekula."

Kliniki ilikuwa safi na kimya. Daktari Judy alizitazama dawa, akapima presha, akauliza habari za usingizi. Kisha akauliza, "Na leo amekula?"

Kukhu alitazama dirishani. Phelista alitazama sakafu.

"Amekunywa uji," Phelista alijibu.

Kukhu akaketi, bega wazi. Sindano ya kwanza ikaingia, na ya pili.

"Ati hizi ndizo nilikuwa naogopa?" Kukhu akatabasamu.

Muda si muda jasho likamtoka usoni, kichwa chake kikalala kifuani. Kwa Kukhu, Phelista alimwona marehemu mama yake. Mama naye alikuwa akisema, "Niko sawa tu," hadi siku alipoanguka jikoni asiinuke tena.

"Hajakula," Phelista alisema huku akilia. "Amefunga tangu jana. Nimedanganya."

Daktari alichomoa sindano upesi, akamlaza Kukhu na kuinua miguu yake. Baadaye macho yalifunguka, akapewa chai yenye sukari. Tiba ikaahirishwa.

"Mtoto hana makosa," Kukhu alisema kwa sauti ndogo. "Mimi ndiye nilimtuma. Hata mama yake alijifunza kwangu. Alikuwa anaumwa, anaficha, na mimi namsifu ati anavumilia." Machozi yakamshuka, wala hakuyafuta.

Daktari Judy alimshika mkono. "Kufunga si vibaya, Mama. Ungeniambia, tungechagua siku nyingine. Mimi nawatibu kwa yale mnayoniambia. Na wewe, Phelista, mgonjwa unayempenda usimsaidie kuficha."

Waliporudi wiki iliyofuata, Kukhu alikuwa amemaliza uji wake, na kila alipoulizwa alijibu mwenyewe. Bega halikupona siku hiyo, wala mara ya pili. Lakini asubuhi moja, baada ya kutibiwa mara kadhaa, aliketi mlangoni akaita, "Phelista, leta kitana."

Mkono uliishia usawa wa sikio, kwa hiyo Phelista akakaa chini kabisa, karibu na miguu yake, ndipo ukafika. Mstari wa kwanza ulipinda. Hakuna aliyejali.

"Unaumia, Kukhu?"

"Niko..." Kukhu alianza, akanyamaza. "Ndiyo, naumia. Hapa nyuma ya bega. Tukienda, nikumbushe nimwambie daktari. Katika nyumba hii hatutaficha maumivu tena."