Sephora Anatumika Kwabo

Mbele ya ofisi ya shirika la kusaidia walemavu, katikati ya Lubumbashi, watu walisongamana. Sephora, kapendeza kwa kitenge cha manjano, alikuwa amembeba mgongoni kaka yake Musonda, mtu mzima asiyeweza kutembea, akiitazama ngazi kwa hasira. Kiti cha magurudumu kilibaki chini.

"Mama, nikubebee kiti?" kijana mmoja akauliza.

"Beba. Lakini ukikimbia nayo, nitakufwata na huyu ku mugongo!"

Kijana akacheka, akakibeba kiti hadi juu. Aliitwa Liévin, muuza simu. Huko juu Sephora alitia sahihi mkataba: shirika litamlipa kila mwezi kwa kumtunza kaka yake, kumwosha, kumlisha, kumgeuza kitandani. Kazi hiyo hiyo alikuwa ameifanya bure miaka tisa!

Tangu siku hiyo simu ya Sephora haikutulia; Liévin alimpigia asubuhi na jioni. "Sukari yangu, umekula?" "Nimekula, lakini sijashiba sauti yako!"

Miezi sita baadaye Liévin akampeleka kwao kumwonyesha. Tantine Clotilde, shangazi aliyemlea Liévin, akampima Sephora kuanzia kilemba hadi viatu, kisha akamuuliza kazi yake.

"Binti, unatumika wapi?"

Liévin akadakia: "Ku hôpitali, Tantine. Ni infirmière, anauguza bagonjwa."

Lo! Sephora alichemka. Mwanaume aliyebeba kiti mbele ya mji mzima, leo anaona haya!

"Hapana, Tantine. Ninatumika kwetu. Ninaosha kaka yangu, na banalipa mie."

"Banakulipa juu ya kuosha ndugu yako? Hauna haya?"

"Sina. Haya iko kwa ule mwenye kunipa kazi ya uongo."

Akachukua mkoba, akatoka. Siku tisa hakupokea simu. Alilia, ndiyo, maana alimpenda sana. Lakini kuiombea radhi kazi yake? Asilani!

Asubuhi ya kumi Liévin alisimama mlangoni, simu mkononi, amempigia Tantine, spika wazi.

"Tantine, nilikudanganya. Sephora anatumika kwabo, anatunza kaka yake. Nitamuoa, hata ukikataa."

Tantine akakata simu.

"Amekata," Sephora alisema.

"Akate! Unisamehe, chérie. Utakubali nikuoe?"

"Maji ya kuosha kaka inapoa. Shika miguu yake."

Liévin akaingia, akakunja mikono ya shati, akamnyanyua Musonda kwa pupa.

"Eh, shemeki, pole-pole!" Musonda akapiga kelele. "Mi si mufuko ya bunga!"

Sephora akacheka huku machozi yakimtoka. "Umesikia vile anakuita? Shemeki, bwana ya dada yake! Jibu yangu njo ile."